Tuskegee, Alabama: kanisa la chuo mbona silo la kwenye picha? Na ile sanamu ya askari pale mjini ni ya nini?

Msambaa_wa_Auburn (Oktoba 2022)

Wakuu habari za wikiendi.

Mimi nasoma huku Auburn, Alabama, na Tuskegee ni jirani kabisa, ukishika I-85 kuelekea Montgomery hata mziki hujaufaidi vizuri umeshafika. Jumamosi nimempeleka mjomba, mwalimu mstaafu kutoka Korogwe, amekuja kutusalimia na tangu ashuke kwenye ndege habari yake ni moja tu, anataka kukiona chuo cha Booker T. Washington, yule mwalimu mweusi aliyekianzisha, kwa macho yake. Mzee ana picha aliikata kwenye gazeti enzi hizo akaitunza ndani ya Biblia, inaonyesha kanisa kubwa la chuo, la matofali, lina mnara. Basi tumefika tunazunguka kulitafuta hilo kanisa, hamna. Dogo mmoja mwanafunzi akatuonyesha jengo akasema kanisa ndo lile. Mjomba kaangalia picha, kaangalia jengo, akaniambia kwa Kisambaa huyu mtoto hakijui chuo chake. Maana lile jengo aisee kuta zimekunjwa kama mtu alikuwa anachezea karatasi, paa limepinda, mnara haupo.

Naombeni mwenye ufahamu. La kwenye picha liko wapi? Na yale majengo mengine ya tofali nyekundu tumesoma kwamba wanafunzi ndo walifyatua tofali na kujenga wenyewe, hiyo ni kweli au ni zile stori za kuwafurahisha watalii? Alafu kubwa kuliko zote, tulipotoka chuoni tukaingia mjini kutafuta chakula, pale kwenye uwanja wa katikati karibu na mahakama kuna sanamu ya askari wa jeshi la Kusini, wale waliopigana ili utumwa ubaki. Na mji wenyewe karibu kila unayekutana naye ni mweusi. Mjomba kaniuliza hii imekaa hapa kwa idhini ya nani, nikakosa jibu. Maduka mengi kuzunguka huo uwanja yamefungwa pia, vioo vina vumbi, yaani mji wenye jina kubwa hivi duniani unakuwaje hivyo?

Fundi_Sanifu

Mkuu, mjomba yuko sahihi na dogo naye yuko sahihi. Kanisa la kwenye picha lilipigwa na radi Januari 1957 likateketea.

Lilijengwa kati ya 1896 na 1898, na aliyelichora ni Robert R. Taylor, ambaye kwa sisi wa fani hii ni mtu mzito. Ndiye mweusi wa kwanza kuhitimu usanifu majengo pale MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, mwaka 1892, mtoto wa fundi seremala wa Wilmington, North Carolina. Washington alimuwahi mapema akamleta Alabama afundishe na kuchora kwa pamoja. Sehemu kubwa ya majengo ya zamani mliyoyaona ni mkono wake: The Oaks, yaani ile nyumba ya Washington ya 1899, ni yake, maktaba ya Carnegie ya 1901 yake, White Hall yake, Tompkins Hall yake. Lile kanisa lilikula tofali kama milioni moja na laki mbili, zote zimefyatuliwa palepale chuoni, na linatajwa kuwa jengo la kwanza kaunti nzima ya Macon kuwa na taa za umeme ndani. Hebu fikiria, mji mzima unawasha taa za mafuta, watoto wa waliokuwa watumwa wanasali kwenye umeme.

Taylor mwenyewe alifia humo humo. Alikuwa ameshastaafu, Desemba 1942 amerudi kutembelea chuo, akaanguka ndani ya kanisa alilolichora mwenyewe. Mwaka 2015 posta ya Marekani wakatoa stempu yenye sura yake.

Hilo mliloonyeshwa lilimalizika 1969. Limechorwa na Paul Rudolph, akishirikiana na ofisi ya Fry na Welch, hawa wawili ni wasanifu weusi waliowahi kufundisha Tuskegee. Michoro ya kwanza ilikuwa ya zege tupu, hela ikagoma, wakahamia tofali juu ya fremu ya chuma, na mimi nasema bora hela iligoma maana zege pale lingekuwa geni kabisa, sasa hivi angalau rangi yake inaongea na majirani zake. Mliingia ndani? Kama hamkuingia mmepoteza nusu ya safari. Ndani ukitafuta kona ya nyuzi tisini huipati, dari linashuka limejikunja, na mwanga unateremka kwenye kuta kutoka kwenye vioo vilivyofichwa paani pembeni, unauona mwanga ila dirisha lenyewe hulioni. Sauti humo ni balaa, kwaya ya chuo ikiimba hawahitaji spika.

Alafu kuna kitu kimoja kimerudishwa kutoka lile la zamani. Miaka ya mwanzo ya 1930 waliweka vioo vya rangi vinavyoonyesha nyimbo za kiroho za watumwa, kumi na moja, kila wimbo na picha yake na maneno yake, watu wakavipa jina madirisha yanayoimba. Viliungua na kanisa. Wakati wa kujenga jipya vikatengenezwa upya na viko mle ndani.

MzeeWaKupinga

Sasa mimi na uchokozi wangu. Huyo Rudolph si amesoma hapo hapo Auburn kwa mleta mada? Amemaliza 1940, kipindi ambacho Auburn mweusi alikuwa haruhusiwi kukanyaga darasani, mweusi wa kwanza kaingia 1964. Kwa hiyo kanisa la Taylor, mtoto wa nyumbani, limeungua, na badala yake wakamtafuta mzungu mwenye jina awachoree kitu cha kushangaza kwenye majarida ya usanifu. Michoro ya Taylor si ilikuwepo, picha zilikuwepo, wangelirudisha kama lilivyokuwa na mjomba leo angelikuta. Hilo jipya mimi siliiti urithi, naliita jengo zuri tu.

Fundi_Sanifu

Hapo kwenye Auburn umenigonga sawasawa wala sibishi, ni historia chungu. Ila kwenye kurudisha nakupinga. Lile la kwanza lilikuwa na thamani kwa sababu kijana aliyechimba udongo asubuhi ndiye aliyebeba zege (ok, chokaa) mchana na jioni akakaa humo ndani kusikiliza hotuba. Miaka ya sitini kule tofali hazifyatuliwi tena, wanafunzi wanasoma uinjinia na udaktari wa mifugo, kwa hiyo wangempa kandarasi mtu alete tofali za kiwandani aige sura ya 1898. Ungekuwa na sura bila ile mikono. Mimi nawaheshimu kwa kusema sisi bado tunajenga vyetu vya sasa.

MzeeWaKupinga

Haya. Bado siliiti urithi.

BintiMacon

Jamani ngoja niwajibu hiyo ya matofali, nimekaa hii kaunti muda mrefu, mume wangu amesoma Tuskegee na kwao hizi stori wanazikariri kama nasaba.

Si stori ya watalii, ni kweli kabisa. Chuo kimefunguliwa 4 Julai 1881, na waliokiomba ni watu wawili tofauti sana, Lewis Adams fundi bati aliyezaliwa mtumwa, na George Campbell mwenye benki aliyewahi kumiliki watumwa. Washington alikuja ana miaka 25, akaanza kufundishia kwenye kibanda kibovu pembeni ya kanisa la weusi mjini, paa linavuja hadi mvua ikinyesha mwanafunzi mmoja anaacha masomo anamshikia mwalimu mwavuli. Baada ya muda mfupi wakanunua shamba la zamani lililotelekezwa, ekari mia kwa dola 500, nusu ya hela ya kukopa. Nyumba kubwa ya bwana ilishaungua, imebaki jiko, banda la farasi na banda la kuku, ndo wakageuza madarasa. Washington mwenyewe anasimulia alimuita mzee mmoja waje wasafishe banda la kuku, yule mzee akashangaa, banda la kuku la watu mnaliingia mchana kweupe?

Sasa tofali. Mjini hakukuwa na mtu anayechoma tofali na wao hela ya kununua mbali hawana, wakasema tutafyatua. Wale waliokulia vijijini kwetu mnajua kazi ya tanuru ilivyo. Wamehamahama kutafuta udongo mpaka wakapata unaoshika, vijana wanasimama kwenye shimo la tope hadi magotini masaa na masaa, wengine wakaona bora kuacha shule kuliko hii, walikuja kusoma vitabu bana hawakuja kukanyaga udongo. Tanuru la kwanza likaharibika. La pili likaharibika. La tatu likawaka karibu wiki nzima, wanahesabu masaa tu watoe tofali, usiku wa manane likaporomoka. Hela imeisha hata senti hamna, walimu wenzake wakamwambia achana nayo. Washington akachukua saa yake ya mfukoni akapanda hadi Montgomery akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi na hiyo hela wakajenga tanuru la nne, hilo likaiva. Saa hakuikomboa mpaka muda ukapita, ikaenda.

Na watu wengi hawajui kwamba wale wazungu wa mjini waliokuwa hawakitaki chuo ndio wakawa wateja, maana tofali nzuri jirani haikuwepo nyingine. Ndani ya miaka ishirini ya kwanza zilisimama nyumba arobaini na zote isipokuwa nne wamejenga wanafunzi. Ukirudi mkuu usipige picha kwa mbali tu, sogea ukutani uguse. Tofali za kalibu ya mkono hazilingani, moja imeiva sana imekuwa nyeusi pembeni, nyingine ina rangi ya waridi, kingo zimelika. Simama hata dakika moja utaanza kuona ipi ilikuwa karibu na moto.

Msambaa_wa_Auburn

Dah BintiMacon asante sana mama. Mjomba nimemsomea hiyo ya matanuru matatu akacheka hadi machozi, anasema na wao kwenye shule ya msingi waliporomokewa na tanuru wakaambiwa wazazi wachange upya. Sasa anasubiri jibu la ile sanamu.

BintiMacon

Sanamu, mjomba ameuliza swali lenyewe hasa, idhini ya nani. Mwaka 1906 serikali ya kaunti, wakati huo yote ya wazungu, iliwapa kile kiwanja cha katikati akina mama wa Muungano wa Mabinti wa Confederacy (yale majimbo ya Kusini yaliyojitenga), ili kiwe bustani ya wazungu, ndo wakasimamisha askari wao. Angalia mwaka. Washington yuko hai, chuo kimeshakuwa na majengo mengi na jina dunia nzima, kama maili moja kutoka pale. Sijui kama nahitaji kuwaambia ujumbe ulikuwa unaenda kwa nani.

Watu hawajakaa kimya tangu zamani. Januari 1966 Sammy Younge, mwanafunzi wa chuo, miaka 21, ameshatumikia jeshi la maji la nchi hiyo hiyo, alipigwa risasi kwenye kituo cha mafuta hapa mjini, ugomvi ulikuwa wa choo cha wazungu. Aliyempiga akaachiwa na baraza la wazee wa mahakama wote wazungu. Wanafunzi wakaja kwenye uwanja ule ule wakaipaka sanamu rangi, uso mweusi na mstari wa njano mgongoni. Na 2021 diwani wetu Johnny Ford, ambaye ndiye alikuwa meya wa kwanza mweusi wa mji miaka ya sabini, akapanda juu na msumeno akaanza kuukata mguu wa askari. Sherifu akaja akamwambia ashuke, ila alama aliiacha.

MzeeWaKupinga

Hapa ndo Marekani wananichekesha. 2017 bunge la Alabama limepitisha sheria, mnara wowote wa kumbukumbu ulio kwenye ardhi ya umma ukishafika miaka 40 huruhusiwi kuuhamisha wala kuubadilisha, Birmingham waliing'oa yao 2020 wakapigwa faini ya dola 25,000. Sasa nenda kaangalie nyumba binafsi za zamani, za watu weusi waliofundisha chuoni, mafundi, manesi, hata ikiwa imeandikwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria mwenye nyumba akitaka kuibomoa kesho kwa hela yake anabomoa, ile orodha haimkatazi. Yaani jiwe la askari lina mlinzi, nyumba ya mwalimu haina. Mtaniambia hii inaitwa kulinda historia?

Msomi_wa_Macon

MzeeWaKupinga uko vizuri ila weka sawa kidogo, kwa Tuskegee kizuizi kikubwa si hiyo sheria ya 2017, ni hati ya kiwanja. Wale akina mama wanasema ardhi ni yao binafsi tangu 1906. Upande wa pili wanasema kaunti haikuwa na haki ya kugawa uwanja wa umma kwa ajili ya rangi moja. Kwa hiyo vita vyake ni vya mahakama ya ardhi zaidi, na mawakili.

Na kuhusu mji kuchoka, mleta mada, usianzie juzi, rudi 1957, mwaka ule ule kanisa lilipoungua. Weusi wa Tuskegee walikuwa wasomi, wana chuo, wana hospitali ya wanajeshi wastaafu ya tangu 1923, wakaanza kujiandikisha kupiga kura kwa wingi, wazungu wakaona wanazidiwa. Bunge la jimbo likachora upya mipaka ya mji. Mji ulikuwa mraba, ukageuka dude la pembe 28, limekwepa nyumba za weusi moja moja, katika wapiga kura weusi kama 400 wakabaki wanne au watano ndani ya mji. Chuo chenyewe kikawa nje ya Tuskegee! Charles Gomillion, mwalimu wa sosholojia hapo hapo chuoni, akaenda mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani, 1960 wakashinda. Kipindi chote hicho weusi waligoma kununua kwenye maduka ya wazungu pale uwanjani, maduka mengi yakafa. Alafu 1963 shule ya sekondari ikaamriwa kupokea weusi, wazungu wakahamisha watoto, baadae wakahama wenyewe na hela zao. Kwa hiyo hayo maduka yaliyofungwa mliyoyaona nayo ni historia ya mji, ila hakuna mtu atakayekuwekea kibao pale kukueleza.

Mji sasa una watu kama elfu tisa tu. Chuo ndo kinashikilia kila kitu. Na bahati yao nyingine, 1974 Kongresi ilifanya sehemu ya chuo kuwa eneo la kihistoria la taifa, wakaingia watu wa hifadhi za taifa, The Oaks na makumbusho ya George Washington Carver, yule mtafiti wa kilimo wa chuo, yako chini yao. Ipo pia Grey Columns, jumba la nguzo nyeupe la miaka ya 1850, la familia iliyokuwa na watumwa, baadae likawa makazi ya rais wa chuo. Mimi hilo ndo jengo langu nalipenda kuliko yote pale. Sijui kwa nini watu wanaenda kwenye sanamu wakati jibu la sanamu liko pale barabarani lina bustani na gari la rais mweusi wa chuo limepaki.

Kabete_Asubuhi

Salaam kutoka Nairobi. Hii maneno ya Tuskegee msidhani iko mbali na sisi. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa Marekani, ilipita Afrika Mashariki kuangalia elimu ya Waafrika, na mwalimu James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo) alikuwa ndani, na walichopendekeza kwa kifupi ni kufanya kama Hampton (chuo kingine cha weusi kule Marekani) na Tuskegee: mkono kwanza, kitabu kidogo. 1925 ikafunguliwa Jeanes School hapa Kabete, jina ni la Anna Jeanes, mama tajiri wa Philadelphia aliyeacha pesa za kusaidia shule za vijijini za weusi kule Kusini mwa Marekani. Walimu walikuja na bibi zao na watoto wakaishi hapo wakifundishwa kilimo, usafi, kujenga nyumba, kuchimba choo, ndio warudi kufundisha kijijini. Hapo hapo baadae pakawa chuo cha utawala na leo ni Kenya School of Government, maofisa wa serikali wanaingia na kutoka pale kila siku na wengi hawajui shina lake liko Alabama.

Lakini tusidanganyane, wakoloni waliipenda hiyo elimu kwa sababu haikuwa inazaa mawakili. Wazee wetu walilalamika. Hata kule Marekani msomi mweusi W.E.B. Du Bois alimpinga Washington kwa jambo hilo hilo.

Mmatumbi_Original

Kabete umesema la elimu, mimi nataja la pamba na hili huwa silioni kwenye vibao vyao vya makumbusho. Wajerumani walipotaka pamba kutoka makoloni yao walienda kwa Washington kuomba wataalamu. Timu ya Tuskegee ikafika Togo kuelekea mwaka mpya wa 1901, ikaongozwa na James Calloway, wakafungua shamba na baadae shule ya kufundisha kulima pamba kwa ajili ya viwanda vya Ujerumani. Kamati ile ile ya Berlin iliyopanga hiyo ya Togo ndo ilikuwa inasukuma pamba Afrika Mashariki ya Kijerumani. Na kwetu Nandete, Umatumbini, Julai 1905 wazee waling'oa nini kutangaza vita vya Maji Maji? Waling'oa pamba ya Wajerumani.

Sisemi Tuskegee ndo waliwachapa viboko babu zetu, hawakuwa huku. Ila nyie mkigusagusa ukuta wa tofali za mikono ya watoto wa watumwa, mjue ofisi za humo ndani zilikuwa zinaandikiana barua na Berlin. Mimi ningependa mjomba aulize na hilo.

BintiMacon

Mmatumbi hiyo sikuwahi kuisikia hapa kwetu na nitaipeleka mezani leo usiku, kuna watu watanuna.

Msambaa_wa_Auburn

Wakuu nimeshiba. Mjomba anaondoka Jumatano ijayo, anataka turudi Jumamosi hii, safari hii anasema hataki picha anataka kushika ukuta. Tukianza asubuhi tupange vipi? Tuna gari na tuna siku nzima, miguu yake si ya kupanda sana.

Msomi_wa_Macon

Shukeni I-85 kwenye toka namba 38, msikimbilie chuoni, anzieni Moton Field, iko karibu na barabara kuu. Ndo uwanja walipofundishiwa marubani weusi kuanzia 1941, mabanda ya ndege yametengenezwa vizuri, tambarare, mzee hatachoka. Uwanja wenyewe ulijengwa kwa mkopo wa mfuko wa Julius Rosenwald, yule tajiri wa Sears, rafiki wa Washington, mfuko huo huo uliochangia kujenga karibu shule elfu tano za watoto weusi vijijini Kusini, na michoro ya mwanzo ya hizo shule ilitoka Tuskegee kwenye meza ya Taylor na wenzake.

Baada ya hapo chuoni. Makumbusho ya Carver kwanza, lilikuwa jengo la kufulia nguo za chuo kabla halijawa makumbusho 1941, ulizia moto wa 1947 ulivyokula michoro yake ya rangi. Alafu tembeeni polepole hadi kanisani, makaburi ya Washington na Carver yako ubavuni mwa kanisa, Carver kazikwa jirani na bosi wake. Njiani mtapita sanamu ya 1922 ya Washington anamfunua kijana kitambaa usoni, mjomba atataka kupigwa picha hapo hata kama amesema hataki picha. Muulize mtu kama kanisa liko wazi, msiishie nje tena.

Na mkibakiwa na muda, rudini barabara ya 81 kaskazini hadi Notasulga, kuna shule ya Shiloh, moja ya zile za Rosenwald, ndogo tu ya mbao, wenyeji wa kanisa la pale ndo walihangaika kuikarabati. Hapo pana na habari nyingine nzito, watu weusi waliodanganywa kwamba wanatibiwa kwenye ule utafiti wa kaswende wa 1932 hadi 1972, wengine waliandikishwa eneo lile la kanisa. Mwambie mjomba kabla hamjafika, asije akakutana nayo ghafla ukutani.

BintiMacon

Shiloh wapigieni simu kwanza, ni watu wa kujitolea, Jumamosi nyingine hakuna wa kufungua. Na chakula msiende tena pale uwanjani kutafuta, nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze. Mjomba anakula samaki?

Msambaa_wa_Auburn

Anakula, ila ataulizia ugali.